Marangu Mtoni inapitwa kwa sababu haijajiandika: tujadili mabango ya kituo chetu

#1 Mwana wa Mtoni (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu nyote. Wazee shikamooni.

Uzi ni mrefu, nawaomba uvumilivu. Nauandika kwa ajili ya watu wa Marangu, Mamba, Mwika na Himo, pamoja na yeyote mwenye duka, genge au kibanda kwenye vituo vyetu vya vijijini huku Moshi na kule Arusha. Hoja yangu ni mabango.

Ukitoka Himo ukapanda hadi Marangu Mtoni, barabara inagawanyika. Mkono mmoja unakwenda geti la Marangu la kupandia Mlima Kilimanjaro, wanakoanzia wageni wa njia ya kambi za Mandara, Horombo na Kibo. Mkono wa pili unakwenda Mwika na kuingia Rombo hadi Tarakea. Gari la mgeni wa njia ile linapita kwetu, na gari la abiria wa Rombo linapita kwetu. Vituo vingine vinahangaika kumtafuta mteja wa kupita. Sisi tunaye mlangoni kila siku, na bado hasimami.

Simameni pale njia panda muangalie mbele za maduka. Nyekundu ya kampuni ya simu, bluu ya kampuni nyingine, nyekundu tena ya soda, njano ya bia. Jina la mwenye duka limebanwa kwenye kona kwa herufi ndogo. Msafiri aliyesinzia tangu Moshi mjini akifumbua macho Mtoni, hana namna ya kujua kama yuko Mtoni, Mwika au Himo. Hakuna ubao unaomwambia kwamba hapa kuna soko na siku zake ni zipi. Hajui kwamba maporomoko ya Kinukamori yako umbali wa kutembea kwa miguu, wala kwamba anaweza kupata mtori wa moto na kahawa iliyolimwa na kukaangwa hapa hapa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Juu mlimani majina yetu yameandikwa. Kambi ya kwanza inaitwa Mandara, ya pili Horombo, majina ya mamangi, watawala wetu wa zamani. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anatajwa katika historia ya mlima kuwa ndiye aliyewaongoza Hans Meyer na Ludwig Purtscheller waliofika kileleni Oktoba 1889. Mgeni anaanza kusoma habari za Wachaga akiwa mita 2,720 juu ya bahari, ilhali katikati ya Wachaga wenyewe, wanakoishi na kuuza, amesoma matangazo ya vifurushi vya simu peke yake.

Sasa tunamwandikia nani? Mama wa Mamba anayeshuka na mkungu wa ndizi siku ya soko hahitaji ubao, anakijua kila kichochoro. Wanaohitaji ni watatu. Kuna mtalii ndani ya gari la kampuni ya utalii, kuna abiria wa Rombo, na kuna mtoto wa nyumbani anayerudi Desemba. Huyu wa tatu ndiye tunayemsahau. Kila mwisho wa mwaka Wachaga wanapanda kutoka Dar, Mwanza, Arusha na Nairobi. Wanataka mbuzi wa ndafu, mbege, ulezi, nguo za kipaimara za watoto, mabati ya kumalizia nyumba ya mama. Wengi wao wamekulia mjini. Hawajui kwamba nyuma ya yale maduka ya mbele yuko fundi cherehani hodari, basi wanabeba kila kitu kutoka Moshi mjini, na pesa ya Desemba inatupita.

Nimejisomea kidogo kuhusu usomaji wa mabango barabarani. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kila sentimita 1 ya urefu wa herufi inasomeka kutoka mita 3 na nusu hivi. Herufi ya sentimita 20 basi inasomeka kutoka mita 70. Gari linalotembea kilomita 50 kwa saa, ule mwendo wa vijijini tunaoujua sote kwa sababu ya askari wa barabarani, linakwenda takribani mita 14 kwa sekunde. Msomaji anapata sekunde 5. Katika sekunde 5 anasoma maneno matano au sita, na bado dereva anahitaji muda wa kuamua na kukanyaga breki. Ubao wenye mistari minane, namba tatu za simu na picha ya mlima hausomwi na mtu aliye kwenye gari, hata uchorwe vizuri kiasi gani.

Na herufi zote kubwa si dawa. Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, Jock Kinneir na Margaret Calvert walipobuni upya alama za barabara waliacha kuandika majina ya miji kwa herufi kubwa tupu. Walichanganya kubwa na ndogo, kwa sababu jina linapata umbo lake na jicho linalitambua kabla halijasoma herufi moja moja. Andika MARANGU MTONI halafu andika Marangu Mtoni, uone lipi linashika haraka ukiwa mbali.

Pendekezo langu: kituo kiwe na ubao wake kwenye njia zote tatu za kuingilia, yaani ya Himo, ya getini na ya Mwika. Ubao uwe na jina la mahali na neno moja au mawili ya kilichopo. Sokoni uwekwe ubao wa siku na saa za soko. Halafu maduka ya katikati yakubaliane mtindo mmoja wa kuandika jina, kila duka na jina lake na rangi yake ya pili, lakini herufi za aina moja na urefu mmoja, zilizochorwa na mafundi wetu. Mtu akiingia ajue ameingia mahali.

Karibuni kwa mawazo, na mtakaopinga pingeni kwa hoja.

#2 FundiBrashi

Mkuu, hapo umegusa mkate wangu. Nachora mabango Himo na Moshi mjini, naomba niseme ya ufundi.

Watu wanakimbilia fleksi, lile turubai la plastiki linalochapishwa kwa mashine, kwa sababu inatoka siku hiyo hiyo. Kwa tangazo la harusi au mnada sawa. Kwa ubao wa duka, huku kwetu jua la Januari linapausha wino, halafu masika ya Machi hadi Mei inakuja na upepo, inachana pembeni. Kuanzia hapo duka linaonekana limefungwa hata kama liko wazi. Flati shiti, yaani bati bapa, ikipigwa redoksaidi ya kuzuia kutu kwanza, ikafuata andakoti ya msingi, halafu rangi ya mafuta mikono miwili, inakaa miaka, na ikichoka unarudishia bila kutupa bati.

Kosa ninaloletewa kila siku ni rangi. Mteja anataka kijani kwa sababu Marangu ni kijani. Ndiyo maana usiweke kijani! Nyuma ya ubao kuna migomba na miti, ubao utamezwa. Halafu kuna ukungu wa Juni na Julai, asubuhi huoni mita hamsini mbele. Kinachobaki kuonekana ni tofauti ya giza na mwanga: nyeupe juu ya bluu iliyokolea, au nyeusi juu ya njano. Nyekundu juu ya bluu inatetemesha macho, sichori hata nikilipwa.

Na muacheni nafasi. Mteja akiona pembeni pametulia anasema nimembania, anataka nijaze. Ile nafasi tupu ndiyo inayolifanya jina lisomeke.

#3 Dereva wa Tarakea

Naunga mkono ila mmesahau jambo. Nikishaona ubao, nasimama wapi?

Mimi nabeba abiria Himo–Tarakea. Abiria ananiambia, dereva simama ninunue parachichi. Pale njia panda kuna bodaboda, kuna magari yanayokata kwenda getini, kuna mabasi, na askari anaangalia. Siwezi kusimama. Nampeleka hadi Mwika, ananunua Mwika. Mtoni mmepoteza mteja aliyekuwa ameshatoa noti mkononi.

Kwa hiyo ubao wa kwanza wa maana kwangu ni wa maegesho, wenye mshale na umbali. Na uwekwe mapema. Gari linalotoka Rombo linaingia likiteremka, likishalipita eneo halirudi. Mkiweka ubao palepale mlangoni pa maegesho ni kazi bure.

#4 Mwana wa Mtoni (mleta uzi)

Dereva, ahsante sana. Nakubali, maegesho yatangulie. Kuna kile kiwanja cha pembeni ya soko ambacho siku zisizo za soko kinakaa wazi. Kwa hesabu yako, gari linaloteremka linahitaji kuonywa mita ngapi?

#5 Dereva wa Tarakea

Mita 150 ubao wa kwanza, halafu mwingine mdogo wa mshale penyewe. Mteremko ule ukiwa na mvua hatukanyagi breki ghafla.

#6 MamaGenge

Habari zenu wanangu. Mimi nina genge Mtoni na nimesoma yote. Maneno ni mazuri, lakini mseme ukweli kuhusu pesa.

Kibanda changu kilipakwa na kampuni. Walikuja na rangi yao, na ngazi yao, wakamaliza siku moja, sikutoa hata shilingi. Kabla ya hapo mbao zilikuwa zimeanza kuoza. Leo mnaniambia nifute rangi ya bure nikalipe fundi. Nani anilipie? Mwenye duka kubwa anaweza. Mimi nauza ndizi.

#7 Mwana wa Mtoni (mleta uzi)

Mama shikamoo. Umesema jambo ambalo halipaswi kupita juu juu.

Simwambii mtu afute. Ile rangi ilikusaidia, mbao zikapona. Ninachosema ni kwamba ukuta wako una thamani, na kampuni inaijua thamani hiyo vizuri, ndiyo maana inakuja na ngazi yake. Ukuta unaotazama njia ya watalii na njia ya Rombo kwa pamoja si ukuta wa kutoa bila masharti. Tukiwa mmoja mmoja tunapokea tunachopewa. Tukienda kama kituo tunaweza kusema: pakeni, lakini sehemu ya juu yote, upana wa mlango na kuendelea, ni jina la duka kwa mtindo wa kituo, na nembo yenu ikae chini. Wanataka kuonekana, na duka lenye wateja linawaonyesha zaidi kuliko kibanda kisicho na mtu.

Na kwa magenge, nadhani si haki kila mmoja abebe bango lake. Upande wa magenge uwe na ubao mmoja mrefu wenye kichwa kimoja, na chini yake kila genge na kipande chake cha bati kidogo kinachochomoleka. Genge likihama, kipande kinahama nalo. Gharama inagawanyika.

#8 Mstaafu wa Halmashauri

Vijana, nimefanya kazi serikali za mitaa hadi nikastaafu, naomba niwaepushe na hasara.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake za 2009 ziliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kufikia mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Zile alama za X mnazoziona kwenye nyumba za watu zilitokana na hilo. Nguzo yoyote mtakayoisimika ndani ya eneo hilo bila kibali cha TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, inaweza kung'olewa, na hamtakuwa na pa kulalamika. Barabara ndogo za ndani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, huko mnaanza na ofisi yao ya wilaya. Ubao uliobandikwa ukutani kwa duka ni habari nyingine, lakini kuna ada ya mabango, kwa hiyo piteni idara ya biashara halmashauri kabla fundi hajafungua kopo la rangi.

Njia yenye nguvu ni hii. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika walau kila miezi mitatu. Pelekeni hoja ikiwa imeandikwa, na mchoro, na majina ya waliokubali. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo kuhusu mwonekano wa kituo, ikasomwa mbele ya wananchi, kisha ikapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Bila hiyo, makubaliano yenu yatavunjwa na mpangaji wa kwanza atakayeingia baada yenu.

Na msisahau ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana wachora mabango na wachomelea vyuma ni kikundi halali cha kuomba mkopo ule.

#9 Mmeru wa Tengeru

Majirani, huku Arusha tuna somo lenu tayari. Soko la Tengeru linajulikana kwa siku zake, Jumatano na Jumamosi. Kuna watu wanatoka Arusha mjini na Usa River kwa sababu wanajua siku. Siku yenyewe ndiyo imekuwa tangazo. Lakini muulize anayepita barabara kuu ya Moshi–Arusha kwa mara ya kwanza. Ziwa Duluti liko karibu kabisa na soko, na kuna makaburi ya wakimbizi wa Kipolandi waliokaa Tengeru miaka ya 1940, ambayo watu wanavuka bahari kuja kuyaona. Mgeni anatoka ziwani anapanda gari, hajui kwamba soko lile liko pale nyuma.

Kwa hiyo nawaambia Mtoni, ubao wa siku za soko msiuweke sokoni peke yake. Aliyekwisha kufika sokoni anajua kwamba ni siku ya soko. Uwekeni Himo, panapochepuka barabara ya kupanda kwenu, na uwekeni jirani na geti, mgeni anaposhuka mlimani. Anayeshuka ndiye mwenye njaa na mwenye muda. Anayepanda ana haraka ya kuandikishwa.

#10 Mwana wa Mtoni (mleta uzi)

Mmeru, hilo la anayeshuka sikuwa nimelifikiria na nimelipenda mno. Mabango yetu yote machache yanatazama anayepanda. Upande wa nyuma wa kila ubao ni bati tupu. Bati hilo hilo, nguzo hiyo hiyo, tukiandika pande mbili tumepata ubao wa pili kwa bei ya rangi.

#11 Mchaga wa Ng'ambo

Nawasalimu kutoka British Columbia, Kanada. Nyumbani ni Mamba.

Huku kwenye Kisiwa cha Vancouver kuna mji mdogo unaitwa Chemainus. Ulikuwa unaishi kwa kiwanda cha mbao. Mwaka 1982 walianza kuchora historia yao kwenye kuta za maduka, wakata miti, wenyeji wa asili, meli, wahamiaji. Mwaka 1983 kiwanda kikafungwa. Michoro ile ndiyo iliyowaletea watu, na hadi leo mabasi ya wageni yanasimama. Kilichonivutia zaidi ya picha ni nyayo za njano zilizochorwa chini barabarani. Unazifuata kutoka mchoro hadi mchoro, na njiani unapita mbele ya kila duka. Hakuna anayekusukuma, miguu yenyewe inakupeleka dukani.

Nyumbani tungeweza kufanya hivyo kutoka maegesho hadi Kinukamori, ukipitia sokoni. Ila tusidanganye. Wale walichora mambo yaliyotokea kwao. Tukichora simba na twiga Mtoni tumekwisha, maana hao si wetu, na mgeni ametoka kuwaona mbugani. Tuchore mfongo unaopeleka maji kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, tuchore wahunzi wa Mamba, tuchore wapagazi.

Na hapo kwa wahunzi nina ombi. Vyuma vya kuning'inizia vibao vya maduka vifuliwe Mamba. Ukoo mzima wa ufundi uko pale jirani, umefua mikuki na majembe tangu enzi za mamangi. Kila duka likiwa na chuma kilichofuliwa kwa mkono, hakuna kituo kingine chochote njiani kitakachofanana na sisi.

#12 Mzee wa Kihamba

Nimeona kijana mmoja kule kwenye kundi letu la WhatsApp amependekeza nembo ya kituo iwe jani la isale. Naomba kusema.

Isale tunalipanda mpakani mwa kihamba. Mtu aliyekosana na ndugu yake analichukua isale kwenda kuomba msamaha, na aliyeletewa isale hawezi kumfukuza aliyelileta. Ni jani la amani na la heshima. Kwenye ubao wa kuingia Marangu sina shida nalo, linamwambia mgeni kwamba ameingia kwa watu wa amani. Lakini likibandikwa kwenye baa, kwenye bucha na kwenye duka la vocha, baada ya mwaka halitakuwa na maana kwa wajukuu wangu. Msilifanye stika.

#13 Mwana wa Mtoni (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo. Nimekuelewa na nakubaliana nawe. Isale libaki kwenye ubao wa kuingilia, na kabla ya hapo wazee waulizwe rasmi. Maduka yawe na alama za kazi zao: mkasi kwa fundi cherehani, chungu kwa mama lishe, mkungu kwa magenge. Alama ya kazi ina faida nyingine, mtalii asiyejua Kiswahili anaielewa bila kusoma.

Kuhusu lugha, kwa kuwa wengi wameniuliza inbox: Kiswahili juu na kikubwa, Kiingereza chini na kidogo, na si kwenye kila ubao. Bango la maegesho na la njia ya kwenda kwenye maporomoko yanahitaji zote mbili. La fundi viatu halihitaji. Salamu ya kuingilia iwe Shimbonyi, ya Kichaga chetu. Ndugu yangu wa Machame aliyelalamika kwamba kwao husalimiana tofauti, mkiamua kuandika ya kwenu kwenye kituo chenu cha Kwa Sadala nitakuja kuchangia rangi.

#14 Kijana wa Ramani

Wakuu, bati ni nusu ya kazi. Mtalii na mtoto wa Desemba wote wawili wanaangalia simu. Niliangalia ramani ya Google pale Mtoni, maduka mengi hayapo, na baadhi yamewekwa upande usio wake wa barabara. Mtu akitafuta "kahawa" anaambiwa aende Moshi mjini. Kujiandikisha ni bure, unahitaji simu, picha ya mbele ya duka na saa za kufungua.

Ila hapa ndipo bango linaporudi. Jina la kwenye ramani lazima lifanane na jina la ukutani, herufi kwa herufi. Ukiwa na ukuta wa kampuni ya soda, mteja anasimama nje ya duka akiangalia simu, hajui kama amefika.

Pia mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, serikali iliweka nguzo za majina ya barabara na vibao vya namba za nyumba nchi nzima, ule mpango wa anwani za makazi. Nguzo zile zitumieni. Duka likiandika jina la barabara na namba yake kwenye kona ya ubao, bodaboda anafika bila kupiga simu tano.

#15 Kijiwe cha Njia Panda

Sisi bodaboda ndio tunaoulizwa njia tangu asubuhi. Kinukamori wapi, mapango wapi, choo wapi. Choo kinaulizwa kuliko vyote, kiandikeni! Nguzo mkiweka mbele ya kijiwe tutaegemeza pikipiki, semeni mapema tupange. Na kijiwe nacho kipate ubao wake, wenye bei za safari za kawaida. Mgeni akiona bei imeandikwa haogopi kupanda, na sisi hatugombani.

#16 Mwana wa Mtoni (mleta uzi)

Kijiwe, choo kimeingia kwenye orodha, na ubao wa bei nauunga mkono kwa mikono miwili. Nimeona wageni wanaogopa kuuliza bei na kuondoka wakiwa na pesa zao mfukoni. Hata mama lishe akiandika bei ya mtori na machalari, vyakula vyetu vya ndizi, ukutani, atauza zaidi.

Sasa tuone mpangilio. Vuli inaanza Oktoba, rangi ya mafuta haishiki kwenye bati lenye unyevu. Tukitaka kumpata mtoto wa Desemba, uchoraji uishe Septemba. Na kabla ya kusimika nguzo kuna vibali vya TANROADS na mkutano wa kijiji. Kwa hiyo tuanze na yasiyohitaji nguzo barabarani: ubao wa magenge, ubao wa siku za soko ukutani mwa soko, na maduka yatakayokubali kuandika jina upya. Mzee mstaafu, nakuomba uwe mwenyekiti wa kuandika hoja ya mkutano. Hoja ikiwa na mkono wako haitarudishwa kwa kasoro za kisheria.

#17 Mstaafu wa Halmashauri

Nimekubali. Nileteeni michoro yenye vipimo, si picha za simu. Na majina ya wenye maduka yaandikwe pamoja na saini zao. Kama duka ni la kupanga, mwenye nyumba naye asaini.

#18 FundiBrashi

Ubao wa magenge nitauchora kwa gharama ya vifaa tu, kazi yangu nachangia. Nitaanza na karatasi za manila za ukubwa kamili, tuzibandike, tusimame ng'ambo ya barabara tuone kama zinasomeka kabla ya kugusa bati. MamaGenge, wewe uwe wa kwanza. Kwenye kipande chako niandike nini?

#19 MamaGenge

Ahsante mwanangu, Mungu akubariki. Andika: ndizi za kupika mshare na kitarasa, ndizi za kuiva, parachichi, magimbi, viazi vitamu, mboga za majani, mayai ya kienyeji, wazi kila siku saa 1 asubuhi hadi saa 1 usiku, na namba yangu ya simu.

#20 FundiBrashi

Mama, kipande ni sentimita 90 kwa 30. Nikiandika yote, herufi zitakuwa za sentimita 3, na hesabu ya mleta uzi inasema zitasomeka kutoka mita 10, mtu akishafika mezani kwako. Chagua vitu vitatu ambavyo vinauzika kwa wa kupita. Mengine atayaona akishasimama.

#21 MamaGenge

Mboga za majani wananunua jirani zangu, hao hawasomi ubao. Wa magari wanachukua parachichi, ndizi za kuiva na magimbi, hasa wale wa Desemba. Basi andika hayo matatu, parachichi iwe juu. Saa za kufungua ziweke chini kwa herufi ndogo, na simu acha.